Maneno ya Mzee Kamugasha kwa Mwanawe

Peace aliponipigia simu kuniambia kwamba baba yake amefariki, nilikuwa mezani nakata kitenge cha mteja, nikakikata vibaya. Mteja mwenyewe, mke wa shemasi wetu hapa Rubondo kwenye makazi ya wakimbizi, alikuwa amekaa papo hapo kwenye benchi, na alipoona mkasi umekwenda kombo alifungua mdomo alalamike, kisha akaniangalia usoni akaufunga. Nikamwambia mzee wangu amekufa Mbarara. "Muzee wako gani?" akauliza. "Si uliniambiaka hauna baba?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa hesabu yoyote ya ukoo, Mzee Kamugasha hakuwa kitu kwangu. Alikuwa sajenti mstaafu wa jeshi la Uganda, Mnyankore, na mimi nilikuwa msichana wa kazi, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, niliyepika nyumbani kwake mwaka mmoja nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Sasa binti yangu mwenyewe ameolewa. Hata hivyo nilifunika cherehani, nikamwomba mama shemasi anisamehe kitenge chake, nikaenda kupanda gari la Mbarara.

Walimzika nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe, kwenye kile kilima kinachotazama kambi ya jeshi ya Makenke. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki vya kukodi, na kipaza sauti kilichokoroma. Wanajeshi wazee walikuja na makoti yao mazito wakasema alikuwa mtu wa nidhamu. Kasisi naye akasema alikuwa mtu wa nidhamu. Jirani mmoja akasema hata migomba ya Mzee ilisimama kwa mstari, watu wakacheka kidogo, maana ni kweli. Kisha Peace, ambaye siku hizi ni mwalimu, akasema baba yao aliwapenda sana ila hakuwa mtu wa maneno. Aliwapigia viatu kiwi kila jioni mpaka walipomaliza shule, na huko ndiko kulikuwa kusema kwake. Nikainamisha kichwa. Mtu huyo wanayemsema hakuwa na maneno alinimiminia mimi maneno mwaka mzima, na mengine, yale mazito kuliko yote, hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mwanawe wa kwanza, Mwesigwa, ambaye siku hiyo ya maziko alisimama mbali karibu na ua, na alipoitwa aseme chochote alitikisa kichwa tu. Nilimwangalia nikaona mvi zake, nikapata uchungu ambao sikuwa nimeupata hata nilipoliona jeneza.

Mama mchungaji wa Rubondo ndiye aliyenipeleka kwenye ile nyumba. Alimjua mke wa Mzee kwenye mikutano ya akina mama, na alijua kwamba wasichana wa kazi hawakai kule. Aliniambia njiani, ili nisije nikasema nilidanganywa: "Huyu muzee alikuwa soda wa jeshi. Atakuamusha mbele ya jogoo. Lakini hapigake mutu na hashikake mutu." Kwa msichana wa umri wangu, hayo mawili ya mwisho yalitosha. Nyumba ilikuwa karibu na kambi kiasi cha kusikia tarumbeta ya alfajiri, na tarumbeta ikilia Mzee alikuwa tayari amekwisha kunyoa ndevu. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, picha ya harusi, redio, na kiti kimoja cha mbao kilichoelekea mlango ambacho hakuna mtu aliyethubutu kukikalia. Chumba chake mwenyewe kilikuwa na kitanda cha chuma na blanketi lililovutwa mpaka likanyooka, na chini ya kitanda buti nyeusi ambazo hakuzivaa tena lakini alizifuta vumbi kila siku. Mguu wake wa kushoto ulibaki na kipande cha chuma cha vita, akatembea kwa fimbo. Jioni alikaa ukumbini na viatu vya shule vya Peace mapajani, akavisugua mpaka ukajiona uso. Peace alikuwa darasa la mwisho la msingi, na alikuwa akimsubiri hapo hapo bila soksi, akimsimulia mambo ya shule ambayo Mzee aliyajibu kwa kuguna. Ukiniuliza upendo wa baba unafananaje, naanzia pale.

Mkewe nilifundishwa kumwita Maama, kama watoto wake walivyomwita. Siku ya kwanza aliniketisha jikoni akaniambia kwa Kinyankore cha polepole, akichunguza kama naelewa: "Humu ndani hatusemi Kiswahili. Kiswahili ni cha askari na cha wezi." Nilimwitikia, lakini moyoni nilijiona kama nimevuliwa nguo. Kiswahili ndicho nilichosalia kanisani, ndicho nilichouzia mahindi sokoni Juru, na shangazi yangu alikitumia kunibembeleza nilipoumwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba watu wa umri wa Maama katika nchi ile walikisikia kwanza kikitoka nyuma ya bunduki: lala chini, leta, toka. Sikumlaumu, na simlaumu hata leo. Nilijikaza kwa Kinyankore changu cha sokoni, ambacho nilikielewa kuliko nilivyokisema, na nilipokuwa peke yangu jikoni niliimba nyimbo zetu za kanisa kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikuna mahali pasipofaa.

Siku moja nilikuwa namenya matoke nikiimba hivyo, nikasikia fimbo inagonga ukuta nje ya dirisha. "Wewe musichana," ikasema sauti ya Mzee, "hiyo Kiswahili umetoa wapi?" Niliogopa, nikajua nafukuzwa. Nikamjibu, "Ni ya kwetu, Muzee. Kule kwetu hata mutoto wa maziya anaisemaka." Nikasikia kigoda kinaburutwa, akakaa chini ya dirisha akiwa amenipa mgongo, akaanza kucheka peke yake. "Mutoto ya maziwa," akasema. "Mimi najua Kiswahili ya watu wakubwa na bunduki tu." Tangu siku hiyo kila asubuhi, Maama akienda bustanini na Peace shuleni, kigoda kilikuja chini ya dirisha. Hatukutazamana. Mimi ndani na kisu na matoke, yeye nje na fimbo, na ukuta katikati. Nadhani angeniona uso asingesema nusu ya aliyosema.

Alisema juu ya mvua ya porini, na jinsi askari walivyochemsha maharage kwenye kofia za chuma, na rafiki yake mmoja aliyepiga mluzi usiku wa kuamkia kufa kwake. Alinicheka ninavyosema "fasi" kwa mahali, na "mingi", na "beko" kwa wako, nami nikamcheka kwa vitenzi vyake vilivyokosa vichwa. Katika wiki za mwanzo nilimuuliza lile swali ambalo shangazi yangu alinituma nirudi na jibu lake. "Muzee, ulifikaka kwetu Kongo na jeshi?" Nikaacha kumenya. "Hapana," akasema. "Mimi hapana fika Kongo. Mguu ilikataa mbele ya hiyo safari. Lakini wangetuma mimi, ningeenda. Nasema wewe kweli." Jibu la uongo lingenipendeza zaidi siku ile. Lakini nilimwamini kwa mengine yote kwa sababu ya hilo. Siku nyingine nikamuuliza kwa nini hawaambii watoto wake habari hizi, maana Peace alikuwa na masikio kama sungura na angezipenda. Akasema, "Kinyankore yangu ni ya ng'ombe na ya harusi. Vita yote iko kwa Kiswahili. Nikifungua mudomo kwa Kinyankore, hapana patikana."

Jina la Mwesigwa nililisikia kwanza likitoka sebuleni wakati wa chakula cha jioni. Nilikuwa kwenye korido na bakuli la eshabwe, ile samli nyeupe ambayo Wanyankore wanakulia ugali wa ulezi, na nilisimama kwa sababu sauti ya Maama ilikuwa imeshuka. Mwesigwa hakuwa mbali. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma upande wa pili wa mji huo huo wa Mbarara, alimsalimia mama yake kanisani, lakini nyumbani kwa baba yake hakuwa amekanyaga tangu alipoondoka akiwa kijana. "Mpe ng'ombe," Maama alikuwa akisema. "Chagua mtamba mzuri, mtume mdogo wako ampeleke. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya." Mzee akajibu, "Ng'ombe atamwambia nini?" "Atamwambia kila kitu," Maama akasema, "na wewe utanyamaza, kazi unayoijua." Nikaingia na bakuli wakanyamaza wote wawili. Nilikuwa nimeona vya kutosha pale Ankole kujua kwamba Maama alisema kweli ya kwao. Baba hamwombi radhi mtoto wake uso kwa uso. Anatoa ng'ombe, ng'ombe anapokelewa, anazaa, na ndama wake anacheza uani kwa yule aliyekosewa, na hakuna mdomo uliofedheheka.

Asubuhi iliyofuata, nikichambua mboga za dodo, Mzee alinieleza bila kuulizwa. Zamani hizo familia ilikaa kambini, katika vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo watu waliviita mama ingia pole, kwa sababu mlango ni mfupi na lazima uiname. Yeye alikuwa vitani kaskazini. Maama alikwenda kijijini kuvuna ulezi, akamwacha Mwesigwa, mtoto wa miaka kumi na miwili, amwangalie mdogo wake Amosi. Amosi akashikwa na homa. Jirani mmoja aliwapa dawa, akasema ataamka mzima. Mwesigwa alikaa naye, akampangusa na kitambaa cha maji, na kulipokaribia kucha usingizi ukamshinda. Alipoamka, mdogo wake alikuwa baridi. Mzee alipopata ruhusa akafika, kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Alimtoa Mwesigwa nje mbele ya mstari mzima wa vibanda, wanawake na watoto wakitazama, akamwambia kwa Kiswahili cha kwata kwamba mlinzi anayelala kwenye sentri anawaua wenzake. Kisha akampa adhabu ya askari aliyelala: kusimama juani na gogo juu ya kichwa, mikono imenyooka, mpaka wanawake wa kambi wakaja kumpigia Mzee magoti. "Mimi nililia kwa choo," akaniambia, sauti yake ikipita chini ya dirisha. "Mutoto hapana ona. Yeye aliona gogo tu."

Niliendelea kuchambua dodo. Lakini mavuno ya kwetu yalipofika, nilipoomba ruhusa ya kwenda Rubondo kwenye ibada ya shukrani, Mzee alisema atanipeleka, maana rafiki yake ana pikapu. Maama alimtazama kama aliyesema anakwenda mwezini. Kanisa letu siku hizo lilikuwa la udongo na bati kuukuu, mabenchi ya mbao za kuchana, na Mzee alikaa mbele kwa wageni, amenyooka, fimbo kati ya magoti. Baada ya watu kuleta maharage na mahindi yao madhabahuni, mchungaji akauliza nani ana neno. Kwetu hiyo ni desturi, mtu anasimama anasema lililomkaa moyoni, awe anashukuru au anatubu. Akasimama papa mmoja, ndivyo tunavyowaita akina baba, mchunga ng'ombe wa makamo, aliyemfukuza mwanawe kwa sababu ya msichana aliyemtaka. Alimgeukia kijana palepale, mabenchi ya nyuma, akasema: "Mutoto wangu, nilikukosea. Mbele ya Mungu na mbele ya hawa bababa na bamama, minakuomba unisamehe. Rudia nyumbani. Mama yako anakupikiaka kila siku, tunakulaka chakula chako na machozi." Kijana akaja mbele, wanawake wakapiga vigelegele. Nilimtazama Mzee Kamugasha. Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka, na hakujitahidi kukificha.

Tulikula kwa shangazi yangu, sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo na dagaa. Shangazi alimpa kiti chetu pekee chenye mgongo, akamwambia, "Ikala fasi hii, Muzee. Nyumba ni kidogo lakini roho ni mingi." Mzee alikula sombe kama mtu aliyezaliwa kule kwetu Uvira. Kisha akasema, akiniangalia mimi, mara ya kwanza anasema nami Kiswahili uso kwa uso, "Kiswahili yenu nasema pole kwa mutoto. Yetu hapana sema pole." Shangazi akacheka: "Ni kile kile, Muzee. Kinywa ndio kinabadirikaka." Njiani kurudi, pikapu ikituruka kwenye mashimo, Mzee alirudiarudia midomo bila sauti. Tulipokaribia mji akasema, "Mimi nataka sema kwa Mwesigwa. Kama ule mzee. Kwa mudomo." Nami, msichana wa kanisani, niliona ni kazi ya Roho Mtakatifu, nikamwambia ni vema. Leo naiona ile barabara kwa jicho lingine. Yule papa wa Rubondo alimwambia mwanawe kwa lugha waliyokula nayo, waliyochekea nayo, waliyozikia nayo. Mwesigwa hakuwahi kuambiwa na baba yake neno jema kwa Kiswahili maishani mwake.

Kuanzia hapo Mzee alifanya mazoezi. Hilo neno ni lake, mazoezi, kama ya kulenga shabaha. Aliacha kukaa chini ya dirisha akaja kusimama mlangoni pa jikoni, akaniambia niketi kwenye kigoda niwe Mwesigwa. Mwanzoni nilicheka. Yeye hakucheka. Alianza, akakwama, akaanza tena, akanitaka nimsahihishe, nami nikampa maneno ya kwetu, unisamehe, mutoto wangu, nilikukosea, naye akayaweka mdomoni moja moja kama mtu anayeonja chakula cha wageni. Lakini sentensi moja ilikuwa yake mwenyewe, na hiyo sikuigusa. "Ile sentri haikuwa yako, kijana yangu. Ilikuwa ya mimi. Mimi ndiye hapana kuwa kwa nyumba. Wewe ulikaa macho mpaka nguvu ikaisha. Hapana mutu anaweza uliza wewe zaidi." Aliisema kila asubuhi, mwezi mzima. Mara ya kwanza nilimsikiliza kama mwalimu. Mara ya tatu au ya nne kisu kilinianguka, nikafunika uso kwa kanga. Mimi pia, wakati tunakimbia, niliachiwa mtoto nimbebe, na mtoto huyo hakufika Uganda. Sitasema zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeishi miaka na jambo hilo bila kumwambia mtu, hata shangazi, na sasa mzee wa kigeni amesimama mlangoni pa jikoni ananiambia sentri ile haikuwa yangu. Alidhani nalia kwa kumwonea huruma yeye. Akasema, "Kama wewe nalia, basi na yeye atalia," akafurahi kama mtu aliyeona shabaha imetoboka. Sikumweleza ukweli. Nilitaka aendelee kusema.

Mwesigwa alikuja siku ya Krismasi kwa sababu mama yake alimwomba. Alikuwa mtu mpana, mikono yenye makovu ya cheche, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni wa serikali. Tulikuwa tumepika matoke, wali, nyama ya mbuzi na eshabwe, na Peace alizunguka akimwonyesha kaka yake cheti chake cha shule. Mambo yalikwenda vizuri. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu yalikwenda vizuri kweli. Mwesigwa alisifu nyama, baba na mwana wakazungumza juu ya mvua, na juu ya bei ya vyuma, kwa Kinyankore, maneno ya kawaida ya watu wanaopimana. Lau chakula kingeisha hivyo, angerudi Pasaka. Kisha Mzee akaweka sahani chini akasimama. Kwetu kanisani mtu husimama, naye aliona mtu husimama. Lakini mwili wake ulijua namna moja tu ya kusimama mbele ya watu. Mguu mbovu ukanyooka, kifua kikatoka, mikono ikashuka ubavuni, na sauti, kwa sababu aliogopa, ikatoka kubwa. "Mwesigwa," akasema, kisha kwa Kiswahili: "Ile siku ya sentri."

Hakufika mbali zaidi ya hapo. Mwesigwa alisimama. Hakuamua kusimama, mwili ndio uliosimama, visigino pamoja, kidevu juu, mikono imenyooka mapajani, mtu mzima mwenye ndevu, na sahani yake ikaanguka ikamwaga mchuzi kwenye kitambaa cheupe. Alibaki hivyo kwa muda wa pumzi chache. Nilimwona anajiona. Alitazama mikono yake mwenyewe, akamtazama dada yake mdogo aliyekuwa ameduwaa na cheti mkononi, na uso ukamjaa aibu ambayo sijaiona tena kwa mwanamume. Mzee alikuwa bado anasema, nadhani alikuwa amefika kwenye "haikuwa yako", lakini Mwesigwa alikuwa ameshapita mlangoni. Hakuubamiza. Aliufunga polepole, kama watu wanavyofunga mlango wa wodi. Wahenga wanasema heri kujikwaa dole kuliko ulimi, ila Mzee hakujikwaa. Maneno yake yalikuwa mazuri yote. Yaligonga mlango usio wao.

Maama ndiye aliyesema kwanza. Aliinama akaokota vipande vya sahani, na bila kuinua kichwa akasema, kwa Kiswahili kisafi kuliko cha mumewe, Kiswahili cha mwanamke aliyelelea watoto kambini: "Nilikuambia ng'ombe." Nikajua kwamba mwaka mzima amesikia kila kitu na ameelewa kila kitu, na kwamba alipokuwa akienda bustanini asubuhi hakuwa akienda mbali. Alituachia dirisha letu makusudi, kwa sababu mumewe alikuwa anapata nafuu. Sijui mwanamke mwingine ambaye angeweza.

Kesho yake nilimenya matoke peke yangu. Kigoda kilibaki palepale nje, na Mzee alikuwa ukumbini anapiga kiwi viatu vya Peace ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Hakuniambia neno la Kiswahili tena mpaka nilipoondoka, na nilipomuaga alinijibu kwa Kinyankore. Kabla ya kuondoka nilipita mara mbili mbele ya banda la Mwesigwa la kuchomelea. Nilimwona na miwani yake nyeusi, cheche zinamrukia, na nilikuwa na sentensi yote kichwani, neno kwa neno. Lakini ningekuwa nani? Msichana wa kazi, mkimbizi, ananyoosha mkono barabarani kumwambia mtu mzima kwamba baba yako alikusudia hivi na hivi. Na Kinyankore changu cha wakati ule kilitosha kununulia nyanya tu. Nikaenda zangu. Baadaye nilisikia kwamba mtamba alipelekwa, na mdogo wa Mzee ndiye aliyempeleka, na Mwesigwa akampokea kwa heshima, na ng'ombe akazaa. Mwesigwa akaanza kuja sikukuu. Baba alipougua alimbeba mgongoni mwenyewe mpaka kwenye gari. Aliyatimiza yote ya mtoto kwa baba, watu wakasema yamekwisha. Lakini Peace ameniambia kwamba miaka yote hiyo hawakuwahi kukaa wawili chumbani bila mtu wa tatu.

Baada ya maziko niliketi na akina mama wengine kuosha vyombo nyuma ya jikoni. Dirisha lile limebadilishwa, sasa ni la vioo. Mwesigwa akaja akasimama juu yangu, akaniita kwa jina, nikashangaa kwamba analijua. Tukasogea pembeni, karibu na udongo mbichi. Akaniuliza kwa Kinyankore, "Wewe ulikuwepo. Siku ile ya Krismasi, Mzee alitaka kusema nini?" Nikamtazama kama ananitania. "Hawakukuambia?" "Mama alisema ni kazi ya Mzee kuniambia. Mzee alitoa ng'ombe." Basi nikamwambia. Kinyankore changu sasa ni cha mtu aliyezaa na kulea nchini humu, na nilimwambia polepole, kwa maneno ya nyumbani, kama baba wa kule angesema kama angeweza. Kwamba zamu ile haikuwa yake. Kwamba ilikuwa ya baba yake, na baba yake ndiye ambaye hakuwepo. Kwamba alikaa macho mpaka nguvu zikamwishia, na hakuna mtu anayeweza kumdai zaidi ya hapo.

Hakulia. Alisugua makovu ya mkono wake kwa kidole gumba, huku akilitazama kaburi. Kisha akauliza, "Haya ulimsikia akiyasema mwenyewe?" Nikasema ndiyo, aliniambia mimi, alikuwa anajifunza namna ya kuyasema. "Mara ngapi?" Nilitaka kumdanganya. Lakini nilishachoka kuwa na kitu cha mtu mwingine, nikamwambia kila asubuhi, mwezi mzima.

"Mimi mara moja ingenitosha," akasema, na akaenda kuwasaidia vijana kukusanya viti.